Nataka kufungua saluni Busia, mwanamke aangalie nini kabla ya kuweka sente?

mwalimu_wa_bodani
Habari zenu wapendwa. Mimi ni mwalimu wa shule ya praiveti huku Busia upande wa Uganda, na mishahara ya praiveti mnaijua, ikichelewa inachelewa kweli. Nimeweka akiba kwa kikundi chetu mpaka imefika milioni 3 na kitu, nataka kufungua saluni karibu na barabara ya kwenda mpakani. Kusuka mimi sijui, nitaajiri msichana. Sasa mzee wangu, yaani mume wangu, yuko Kampala anasema nisianze na kidogo, tuweke ploti ya kijijini benki tuchukue milioni 10 nifungue kitu cha maana. Dada yangu naye anasema achana na saluni uza mahindi. Nyie mlio kwenye biashara, hasa wanawake, niangalie nini kwanza? Na msiniambie "jiamini", hiyo nimeshaambiwa kanisani 😅

Mama Kisenyi
Nyabo mtaji unao, shida iko hapo uliposema kusuka sijui. Saluni si viti, ni mikono ya huyo msichana. Wateja wanamfuata yeye, siku akipata chumba chake mtaa wa pili anaondoka na namba zao zote wewe unabaki na draya na kioo. Halafu vitu vya ndani vinaisha na wewe hujui vimeishaje, unaambiwa kopo la rilaksa limekwisha na leo waliokuja kutia dawa ni watatu tu, utabisha na nini kama hujui kopo moja linatosha vichwa vingapi? Likizo hii shule zikifunga omba ukae kwenye saluni ya mtu, osha nywele, shika blou draya, hesabu makopo. Hata ukija kuajiri usimpe mshahara wa mwezi, mpe asilimia kwa kila kichwa, atakuja mapema bila kupigiwa simu. Na Yaka, umeme wa kulipia kabla, usiisahau, draya inakula yuniti vibaya sana.

Okello B
Mimi niko na dada yako. Mahindi hayana maringo ya wateja.

Mama Kisenyi
@Okello B hayana maringo lakini yana wadudu na yana serikali mbili. Machi 2021 umesahau? Kenya ilisimamisha mahindi yetu kwa sababu ya sumu ya ukungu, malori yakapanga foleni hapo hapo Busia, zuio likatolewa baada ya siku chache lakini na masharti mapya, na mwenye gunia la mkopo siku hizo riba haikumsubiri. Nafaka inataka stoo kavu na sente ya kukaa nayo bila kuigusa. Kwa mshahara unaochelewa sikushauri.

Okello B
Sawa, stoo nakubali. Lakini kwa mwenye mzigo mdogo kuna ule utaratibu rahisi wa Afrika Mashariki, bidhaa za kwenye orodha zisizozidi dola 2,000 kwa safari hazilipi ushuru wa forodha, unaomba cheti cha asili (cha kuonyesha bidhaa imetoka nchi gani) pale pale mpakani. Akina mama wengi bado wanapita njia za panya wakati njia halali ipo, banange.

karani_mstaafu
Dada, mimi nitasema kuhusu hiyo ploti tu. Sheria ya Ardhi ya 1998 na marekebisho yake inasema ardhi ya familia haiwekwi rehani bila idhini ya mume au mke, kwa hiyo benki itakuletea karatasi usaini. Hiyo saini ni kinga yako, usiitoe eti kwa sababu mzee amekasirika. Jiulize biashara ikikwama mwezi wa nne nani anapoteza shamba, ni watoto. Ila kinga hiyo inawahusu waliofunga ndoa tu, kama mnaishi tu pamoja bila ndoa inayotambulika sheria haikuhesabu kuwa mke hata mkiwa na watoto watano.

Halafu majina. Mkataba wa chumba uandikwe jina lako, jina la biashara ukasajili URSB (ofisi ya serikali ya usajili) wewe mwenyewe, na laini ya mobile mani ya saluni isajiliwe kwa kitambulisho chako. Nimeona watu wanapigania biashara ambayo mama kaiendesha miaka lakini laini ya kupokelea sente ilikuwa ya shemeji.

Hajati wa Arua
Karani kasema vizuri. Mie naongeza la mikopo na la daftari. Ukitaka sente ya nje usikimbilie ploti, ulizia kwanza ofisi ya maendeleo ya jamii ya wilaya, kuna UWEP, mpango wa serikali wa kukopesha vikundi vya wanawake, ukirudisha ndani ya mwaka mmoja hakuna riba. Ule mkopo wa GROW, nao wa serikali kwa wanawake wenye biashara, unapitia benki, riba haizidi asilimia 10 kwa mwaka, lakini ule ni wa kukuza biashara ambayo tayari inatembea, kwa hiyo anza na hizo milioni 3 kwanza.

Daftari sasa. Andika kila kichwa, hata cha mkopo, hasa cha mkopo, maana masista wa kwaya ndio watakaokumaliza bambi, "nitaleta Jumapili". Na URA, watu wa kodi, pia wanapenda daftari: mauzo yasiyofika milioni 10 kwa mwaka hayalipi kodi ya mapato, ukiuza milioni 18 na una kumbukumbu kiwango ni asilimia 0.4 ya kile kilichozidi 10, yaani 32,000. Bila kumbukumbu ni 80,000. Na kuna msamaha wa miaka 3 kwa biashara ndogo mpya za raia zilizoanzishwa kuanzia Julai 2025, nenda na TIN yako (namba ya mlipa kodi) uwaulize kama unaingia. Leseni ya manispaa ni kitu kingine, hiyo utalipa tu.

mwalimu_wa_bodani
Asanteni jamani, webale nyo. Ploti nimeitoa mezani, nitamwambia mzee mwenyewe akija wikendi. Ila wateja wengi wa hapa wanatoka upande wa Kenya, bei niandike ukutani kwa shilingi ya Kenya au yetu?

Mama Kisenyi
Yetu. Ya Kenya pokea lakini kwa reti ya asubuhi hiyo, piga simu kwa wabadilishaji kabla hujafungua mlango. Usimwachie msichana akadirie.