Takao, Mitake au Oyama? Siku moja ya mlima nje ya Tokyo

Begi_Jepesi: Wakuu, nitakuwa Tokyo kikazi wiki ya mwisho ya Novemba, nafikia Shinjuku. Jumamosi niko huru. Nataka mlima wa kwenda na kurudi siku hiyo hiyo kwa treni, bila mwongozaji. Nimebakiwa na majina matatu: Takao (mita 599), Mitake (929) na Oyama (1,252). Pumzi ninayo, ila nina raba tu, sina buti. Mnashauri upi?

MamaVilima: Takao ndio rahisi kuliko yote. Unapanda treni ya Keio hapo hapo Shinjuku, chini ya saa moja unashukia Takaosanguchi, mlima uko mbele yako. Njia namba 1 imesakafiwa karibu yote na inapita hekalu la Yakuo-in. Raba inatosha kabisa. Hali ya hewa ikiwa safi, kileleni unauona Fuji.

Kichuguu: Mama, Jumamosi ya Novemba? Huo ndio msimu wa majani mekundu, na nusu ya jiji inahamia Takao. Foleni ya treni ya kamba (ile inayovutwa kwa kamba ya chuma kupanda mlima) peke yake inakula asubuhi. Mkuu, kama huwezi kwenda siku ya kazi, Takao achana nao.

MamaVilima: Aamke mapema basi! Akifika saa moja asubuhi watu bado wachache. Na si lazima apite namba 1. Namba 6 inafuata kijito, ina mawe na mizizi, ni mlima kweli kweli.

Pwani_hadi_Kilele: Mimi kura yangu ni Oyama. Treni ya Odakyu hadi Isehara, kama saa moja hivi, kisha basi. Ukitoka kwenye basi unapanda ngazi katikati ya maduka, halafu unachagua: treni ya kamba au miguu. Kwa miguu kuna njia mbili, ya "wanaume" yenye ngazi za kukatisha roho, na ya "wanawake" inayopita hekalu la Oyamadera, ambako majani ya Novemba ni balaa. Kutoka hekalu la Afuri, njia hizo zinakokutana, hadi kileleni ni kama saa moja na nusu ya mawe yaliyolegea. Ukifika juu unaona ghuba ya Sagami. Kati ya hiyo mitatu, huu ndio unaokutoa jasho.

Kichuguu: Oyama kwa raba, kushuka mawe yakiwa na unyevu? Magoti yatamsimulia. Miezi ya joto na mvua kuna ruba pia upande ule, ingawa kwa Novemba hilo halimhusu sana.

Begi_Jepesi: Mitake hakuna anayeutetea?

Kichuguu: Ndio nilikuwa nakuja huko. Ni mbali zaidi, weka saa moja na nusu au zaidi: treni hadi Ome, unabadilisha, unashuka kituo cha Mitake, basi, halafu treni ya kamba. Lakini juu kuna kijiji kizima chenye nyumba za wageni za mahujaji, na hekalu linaloheshimu mbwa mwitu, kwa hiyo watu wanapanda na mbwa wao. Kutoka hekaluni zunguka bonde la mawe na maporomoko madogo, saa mbili tatu, ukanyage polepole penye mawe ya kuteleza. Mwenye nguvu anaendelea hadi Otake, mita 1,266, ila huko kuna minyororo ya kushikilia. Kwa raba, ishia bondeni.

Pwani_hadi_Kilele: Na dubu wa upande huo je?

Kichuguu: Wapo milima ya Okutama, ndio eneo la Mitake. Kengele ndogo kwenye begi, na usitembee kimya peke yako jioni.

MamaVilima: Popote utakapokwenda, mwanangu, jua la Novemba linazama saa kumi na nusu jioni, na msituni giza linatangulia. Beba tochi ya kichwani na fedha taslimu, na uangalie saa ya treni ya kamba ya mwisho. Takataka unarudi nazo, mapipa njiani hakuna.

Begi_Jepesi: Basi ni Mitake. Mvua ikinyesha Ijumaa nahamia Takao, njia namba 1, na nitaondoka Shinjuku na treni za alfajiri.