Mate yangu yaliyoko maabara Marekani ni mali ya nani, na yanafutwaje?

Mgeni_Houston

Wakuu, habari zenu. Nipo Texas. Nilipima asili kwa 23andMe, kampuni ya Marekani inayosoma vinasaba kutoka kwenye mate, na sasa imeshauzwa. Naomba msaada wa wanaojua sheria na taratibu za maabara. Mate yaliyobaki na majibu yaliyosomwa humo ni mali yangu au yao? Nikitaka vyote vifutwe, naanzia wapi? Halafu nina dada yuko Tanga, hajawahi kupima. Naye anaguswa?

Sheria_Kwanza

Mkuu, usichanganye sampuli, taarifa zilizosomwa ndani ya sampuli, na ridhaa uliyotia saini. Sheria huvitazama kila kimoja kivyake.

Kesi mama ni ya John Moore. Mwaka 1976 alitolewa bandama katika hospitali ya chuo kikuu cha UCLA, California, akitibiwa saratani ya damu. Daktari wake akaotesha seli zake, na mwaka 1984 zikapatiwa hataza, yaani haki ya kisheria ya kumiliki uvumbuzi. Mwaka 1990 Mahakama ya Juu ya California iliamua kwamba seli zikishatoka mwilini Moore hawezi kuzidai kama mali aliyoporwa. Hata hivyo ilimpa haki upande mwingine: daktari alitakiwa amweleze maslahi yake ya utafiti na ya fedha kabla ya kumwomba ridhaa. Tangu hapo madai mengi ya namna hii hushikilia ridhaa. Wahavasupai, kabila la wenyeji asilia wa Arizona, walitoa damu miaka ya 1990 kwa utafiti wa kisukari, kisha wakagundua imechunguzwa pia kwa skizofrenia (ugonjwa wa akili) na historia ya uhamaji wao. Mwaka 2010 shauri likaisha kwa makubaliano: dola 700,000 na damu yao kurudishwa.

Ila wewe uko jimbo zuri. Texas ilipitisha sheria mwaka 2023 kuhusu kampuni zinazowauzia watu vipimo vya vinasaba moja kwa moja, nayo inasema wazi kwamba mtu ana haki ya mali juu ya sampuli yake na majibu yake, pamoja na kuamua viteketezwe. Alaska ilikuwa na kifungu cha aina hiyo kabla yao. Udhaifu wake ni kwamba ya Texas husimamiwa na Mwanasheria Mkuu wa jimbo, kwa hiyo kampuni ikikaidi, malalamiko yako yaelekeze kwake.

Maabara_na_Data

Naongezea utaratibu, maana mpangilio wa hatua una maana kubwa.

Anza kwa kupakua data ghafi kama utaihitaji baadaye. Ni faili la maandishi lenye nafasi zaidi ya laki 5 za vinasaba, halina kufuli lolote, kwa hiyo usiliache kwenye barua pepe wala kwenye simu unayoazima watu. Kisha ingia mipangilio ya akaunti uondoe ridhaa ya utafiti. Tafiti zilizokwisha kufanyika hazirudi nyuma. Unachozuia ni matumizi ya mbele. Kama uliruhusu mate yahifadhiwe, badilisha hapo hapo uchague yateketezwe. Mwisho, nenda sehemu ya data na uombe kufuta kabisa.

Wengi hukwama hapa: kampuni hutuma barua pepe ya kuthibitisha, na usipobonyeza kiungo kilichomo, ombi halijaanza. Kufuta programu kwenye simu hakufuti chochote. Na kama faili lako ulilipeleka pia GEDmatch au MyHeritage, tovuti za kutafuta ndugu kwa vinasaba, kule kuna nakala nyingine kamili; unafuta huko kwa mkono wako.

Jambo moja halifutiki. Kanuni za maabara za Marekani zinawalazimu kubaki na taarifa zako za kinasaba, tarehe ya kuzaliwa na jinsia. Akaunti inaondoka, lakini kumbukumbu hiyo inabaki.

Kuhusu mauzo: kampuni iliomba ulinzi wa kufilisika Machi 2025, ikiwa na wateja takriban milioni 15, na mnunuzi ni TTAM, taasisi ya mwanzilishi wake Anne Wojcicki, kwa dola milioni 305. Hapo ndipo watu walipoona kwamba vinasaba vyao vinahesabiwa miongoni mwa mali za kuuza.

Mgeni_Houston

Asanteni sana. Bima je? Na dada?

Sheria_Kwanza

Sheria ya shirikisho ya mwaka 2008, GINA, inakataza bima ya afya na waajiri wenye wafanyakazi 15 au zaidi kukubagua kwa vinasaba. Haigusi bima ya maisha, ya ulemavu wala ya matunzo ya uzeeni. Florida iliziba pengo hilo mwaka 2020. Majimbo mengi hayajaziba. Kwa hiyo anayefikiria bima ya maisha, aikate kabla ya kupima magonjwa ya kurithi. Akishapima, fomu ikiuliza asidanganye, kwa sababu uongo huwapa sababu ya kukataa madai ya warithi.

Maabara_na_Data

Dada anaguswa. Ndugu wa baba na mama mmoja hushiriki karibu nusu ya vinasaba. Mwaka 2018 polisi wa California walimpata Joseph DeAngelo, muuaji aliyesakwa kwa miongo kadhaa, kupitia ndugu wa mbali waliokuwa GEDmatch. Yeye mwenyewe hakuwemo. Na uvujaji wa data za 23andMe wa 2023 ulianzia kwenye akaunti kama 14,000 zilizotumia nywila zilizokwisha kuvuja kwingine, lakini kwa njia ya kipengele cha kutafuta ndugu wezi wakafikia taarifa za watu milioni 6.9. Kama bado hujafuta akaunti, zima kipengele hicho leo na weka uthibitisho wa hatua 2.

Asipime kwa siri nywele za mtu kisha azitume nje. Uingereza, kuwa na sampuli ya mtu kwa nia ya kupima vinasaba bila ridhaa ni kosa, kifungo hadi miaka 3. Tanzania ina Sheria ya Vinasaba vya Binadamu ya mwaka 2009. Kipimo hufanyika Mkemia Mkuu wa Serikali, na ombi hupitia mamlaka kama mahakama, wakili, polisi au afisa ustawi wa jamii. Tena Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inaziweka taarifa za kinasaba kundi la taarifa nyeti, kama ilivyo Kenya tangu 2019. Taasisi ya Tanzania ikizitumia vibaya, dada apeleke malalamiko kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, akiambatanisha nakala ya fomu ya ridhaa. Fomu hiyo aiombe siku ile ile anayotoa sampuli.