Dereva wangu wa kompyuta anamudu njia iliyonyooka lakini kona kali zinamshinda: nimekosea wapi?

Usukani wa Usiku:

Wanajukwaa, nawasalimu. Hii ni wiki ya tatu ninamfundisha dereva wa kompyuta katika CarRacing, ule mchezo mdogo wa gari jekundu linalotazamwa kutoka juu, unaopatikana bure katika Gymnasium, mkusanyo wa michezo ya kufundishia programu za kompyuta, na unaochora njia mpya kila unapoanza. Ninatumia algorithimu ya PPO, inayomfundisha dereva kwa kujaribu na kupata alama, kwenye kompyuta mpakato ya kawaida, kwa hiyo jaribio moja hunila usiku mzima, na ndiyo sababu naomba ushauri wenu kabla sijaendelea kubahatisha.

Baada ya hatua milioni 1 za mafunzo, gari linakwenda vizuri penye njia iliyonyooka, na hata kona pana linazipiga bila shida. Likifika kwenye kona kali, hasa ile inayogeuka mpaka gari likawa linaelekea lilikotoka, halipunguzi mwendo hata kidogo. Linaingia na kasi ileile, tairi za nyuma zinateleza, gari linazunguka mara mbili au tatu, kisha linabaki kwenye majani mpaka muda unakwisha. Wastani wake ni kati ya alama 500 na 600, nami ninataka lifike 900.

Juzi nilijaribu kurekebisha mwenyewe. Kwa kuwa mwanzoni mwa mafunzo gari lilikuwa likijikokota, niliongeza alama za ziada kwa kila fremu, yaani kila picha moja ya mchezo, kulingana na kasi yake. Nilipoamka asubuhi nikakuta mstari wa alama umepanda kuliko siku zote, lakini nilipofungua video niliona gari limeiacha njia kabisa, limeingia majani na linazunguka duara moja kubwa kwa kasi bila kurudi barabarani. Nimeziondoa alama hizo. Picha ninayompa dereva ni fremu moja isiyo na rangi, ya pikseli 84 kwa 84. Ile sehemu nyeusi ya chini yenye vimistari nimeikata kwa kudhani ni mapambo. Je, tatizo liko kwenye alama, kwenye picha, au nimempa muda mfupi?

Fundi wa Kona:

Ndugu, tatizo kubwa umelitaja mwishoni. Ile sehemu nyeusi ni dashibodi ya gari. Katika picha kamili ya pikseli 96 kwa 96, ukanda wa chini wenye kimo cha pikseli 12 hivi una mstari mweupe wa kasi upande wa kushoto, kisha vimistari vya buluu vya mwendo wa magurudumu manne, kisha mstari wa kijani wa usukani, na mwisho mstari mwekundu unaoonyesha gari linavyojizungusha. Ulipoukata ukanda huo na kumpa fremu moja tu, ulimpa dereva picha ya mnato. Anaiona kona iliyo mbele yake, lakini hana namna yoyote ya kujua kama anaikaribia kwa kutambaa au kwa kukimbia. Hali hizo mbili zina picha ileile machoni pake, ingawa moja inataka mafuta na nyingine inataka breki, naye analazimika kuzijibu zote mbili kwa jibu moja. Kwenye kona pana jibu la katikati linatosha, ndiyo maana zinampita bila taabu. Kwenye kona kali halitoshi. Ungemfundisha hatua milioni 10 kwa picha hiyo, bado angezunguka palepale.

Rudisha dashibodi, na umpe fremu 4 zilizofuatana badala ya moja, ili aone vitu vinavyosogea. Mimi hufanya yote mawili.

Jambo la pili ni miguu yake. Mchezo huu unapokea amri tatu: usukani, mafuta na breki. Mwanzoni, dereva anapojaribu mambo ovyo ovyo, hukanyaga mafuta na breki kwa pamoja, na breki ikifika 0.9 magurudumu hufungwa kabisa. Kule kujikokota ulikokuona kulitoka hapo, si kwa sababu alikosa hamu ya kasi. Ziunganishe amri hizo mbili ziwe moja: ikiwa juu ya sifuri ni mafuta, ikiwa chini ya sifuri ni breki. Kumbuka pia kwamba gari hili lina nguvu nyingi na linasukumwa na magurudumu ya nyuma. Waliolitengeneza wenyewe wanaonya katika maelezo yao kwamba usikanyage mafuta huku ukikata usukani.

Jambo la tatu ni umbali anaoufikiria. Bila shaka umeacha kipimo cha kupunguza thamani ya alama za baadaye kwenye 0.99, kama PPO inavyokuja. Kwa kipimo hicho dereva anajali takriban hatua 100 zijazo, na mchezo unakwenda fremu 50 kwa sekunde, maana yake anatazama sekunde 2 tu mbele yake. Mfanye ashikilie kila uamuzi kwa fremu 4, na hatua zilezile 100 zitakuwa sekunde 8. Kwa kufanya hivyo breki ya mapema itaanza kumlipa.

Bi Hesabu:

Nakubaliana na Fundi, ila ningependa tukae kidogo kwenye lile duara, kwa sababu ndilo linalowapotezea watu wengi usiku wao.

Tuangalie malipo ya mchezo wenyewe. Njia imegawanywa katika vipande, na jumla ya alama 1000 hugawanywa kwa idadi ya vipande hivyo. Njia ikiwa na vipande 250, kila kipande kipya unachokikanyaga kinakupa alama 4. Kwa upande mwingine, kila fremu inayopita inakutoza alama 0.1, yaani 5 kwa sekunde. Anayemaliza kwa fremu 732 anaondoka na alama 926.8. Kwa hiyo kasi imekwisha kulipiwa tangu mwanzo, na imelipiwa kwa namna iliyo sahihi, kwa kuwa kipande kilichokwisha kukanyagwa hakilipwi tena na majani hayalipwi kamwe. Wewe ulipoongeza alama za kasi tupu, ulifungua duka la pili lisilojali njia iko wapi. Dereva alikwenda kwenye malipo ya uhakika zaidi, na kwa hesabu uliyompa alifanya sawasawa.

Jambo hili limewapata hata wenye maabara kubwa. Mwaka 2016 watafiti wa OpenAI walimfundisha nahodha wa kompyuta katika mchezo wa mashua uitwao CoastRunners, wakitumia alama za mchezo kama malipo. Alama hizo zilitolewa kwa kugonga vilengwa vilivyo njiani, wala si kwa kumaliza mashindano. Mashua ikagundua ghuba moja ndogo ambamo vilengwa vitatu hujirudisha kila baada ya muda, ikawa inazunguka humo humo, inagonga mashua nyingine, inashika moto, na haimalizi mashindano hata siku moja. Pamoja na hayo ilipata alama zilizozidi za wachezaji wa kibinadamu kwa wastani wa asilimia 20.

Ushauri wangu ni kuyaacha malipo yalivyo, na badala yake ubadilishe muda wa kukatisha mchezo. Gari likimaliza fremu 100 bila kukanyaga kipande kipya, likatishe uanze njia nyingine. Sasa hivi likipotea mapema unaliacha kwenye majani mpaka fremu ya 1000, na sehemu kubwa ya usiku wako inakwenda katika kumfundisha kuegesha.

Pedi ya Zamani:

Naomba kuongeza neno moja kwa wale watakaomshauri ndugu yetu arekodi uchezaji wake mwenyewe kisha dereva auige. Mimi nilianza hivyo. Nilirekodi mizunguko 40 safi, nikaifurahia, na dereva wangu alikwenda kama mimi mpaka alipotoka kidogo kwenye mstari wa katikati. Tangu hapo hakujua la kufanya, kwa sababu katika rekodi zangu zote mimi sikuwahi kutoka. Kosa dogo lilimpeleka mahali asipopajua, na hapo alifanya kosa kubwa zaidi. Mwaka 2011 Stéphane Ross, Geoffrey Gordon na Drew Bagnell waliionyesha shida hiyohiyo kwa mchezo wa mbio za magari uitwao SuperTuxKart. Dawa yao ilikuwa kumwacha dereva aendeshe mwenyewe, kisha mwalimu aonyeshe angekata usukani vipi katika kila hali aliyojiingiza, na mafunzo yarudiwe pamoja na hali hizo. Ukitaka kuanza kwa kuiga, basi rekodi pia namna ya kurudi njiani kutoka kwenye majani.

Usukani wa Usiku:

Nawashukuru sana. Nimefanya yote isipokuwa kuiga, na nimekesha usiku wa pili nao. Wastani sasa ni alama 840. Nilitazama kona moja kali fremu kwa fremu, na kwa kweli niliguswa: kabla kona haijafika, mstari mweupe wa kasi unashuka karibu nusu, gari linapita likigusa ukingo wa ndani, usukani unanyooka kwanza na mafuta yanafuata baadaye. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo.

Nina maswali mawili. Mara moja moja anakwenda mrama katika sekunde ya kwanza kabisa, hata njia ikiwa imenyooka. La pili, nikihamia mchezo wenye magari ya wapinzani, je, dereva mwepesi namna hii atashinda?

Fundi wa Kona:

La kwanza ni dogo. Mchezo unapoanza, kamera husogea kutoka mbali hadi karibu kwa muda wa sekunde moja hivi, na picha za wakati huo hazifanani na zozote zinazofuata. Ruka fremu 50 za mwanzo bila kukanyaga chochote, ndipo umkabidhi usukani.

La pili ni kazi nyingine kabisa. Dereva wa Sony aitwaye GT Sophy, aliyefundishwa kwa ajili ya mchezo wa mbio za magari wa Gran Turismo Sport, alikuwa tayari na kasi kuliko mabingwa alipokimbia peke yake mwezi Julai 2021, lakini katika mashindano ya timu alishindwa kwa alama 86 kwa 70. Wakarudi kumfundisha, na mwezi Oktoba mwaka huohuo akashinda kwa 104 kwa 52. Alitozwa alama kwa kugonga wenzake. Hakuanzishwa mashindano kutoka mwanzo kila mara, bali aliwekwa katikati ya hali zilizompa taabu, kwa mfano nyuma kidogo ya gari analotakiwa kulipita, akarudia hali hiyo mara nyingi. Na kwa habari ya ule umbali wa kufikiria, yeye alipewa ramani ya takriban sekunde 6 za njia iliyo mbele yake na aliamua mara 10 kwa sekunde, ingawa mchezo wenyewe unakwenda kwa kasi kubwa zaidi ya hiyo.

Kabla hujahama, pima hiyo 840 vizuri. Mpe njia 100 ambazo hakuwahi kuziona, zima mafunzo wakati wa kupima, na andika alama za kila njia badala ya wastani peke yake. Kama njia 90 ni zaidi ya 900 na 10 ni chini ya 300, tazama video za hizo 10 kwanza, kisha uzilete hapa.