Mrejesho: ile risasi ya shemeji wa Montana

Wadau asanteni sana. Niliwauliza hapa, shemeji yangu aliyeko Montana, Marekani, achague risasi gani ya kupiga wale kindi wanaochimba mashimo kwa malisho ya ng'ombe (huku kwetu Nakuru tusahau, uwindaji ulipigwa marufuku 1977). Tulimfuata yule alisema .17 Hornet (aina ya risasi nyembamba yenye kasi), na kwa kweli bunduki hairuki begani, anaona kindi akianguka akiwa bado kwa darubini. Mpaka mita 200 iko sawa, lakini siku ya upepo hako karisasi ka greni 20 (kama gramu 1.3 tu) kanasukumwa kando anakosa tu. Na kuipata ni kazi, alizunguka maduka matatu akatoka na boksi mbili. Aliyesema .204 Ruger (risasi nene kidogo kuliko hiyo) hakukosea, saa hii ndiyo anapigia hesabu.