Tupeane uzoefu: watoto wetu weusi na polisi wa ughaibuni

Mleta mada

Habari zenu ndugu zangu mlioko Marekani, Uingereza na kwingineko. Naomba tuzungumze jambo ambalo kwenye vikao vyetu vya harusi na misiba hatuligusi: watoto wetu na polisi wa huku.

Kijana wangu ana miaka 14. Mwaka huu amerefuka, sauti imekuwa nzito. Majuzi alikuwa anatoka mazoezini na mwenzake Mzungu, wote na mabegi mgongoni. Askari akawasimamisha. Wangu akaambiwa akae chini ukingoni mwa barabara, akaulizwa anaishi wapi, anatoka wapi, kwenye begi kuna nini. Mwenzake akaulizwa kama yuko salama. Hakuna aliyepigwa wala kukamatwa, kwa hiyo hata pa kulalamikia sina. Ila mtoto tangu siku ile hapiti tena njia ile.

Tangu hapo namfikiria sana Tamir Rice wa Cleveland. Alikuwa na miaka 12, anachezea bastola bandia kwenye bustani, Novemba 22, 2014. Mtu aliyepiga simu polisi alisema huenda ni mtoto na huenda bastola ni ya kuchezea, lakini maneno hayo hayakuwafikia askari waliotumwa. Gari lilifika, na ndani ya sekunde mbili hivi alikuwa ameshapigwa risasi. Kwenye redio askari wakaripoti mwanamume mweusi wa miaka kama 20. Mtoto wa miaka 12! Dada yake wa miaka 14 alipokuja mbio kumwona, naye akaangushwa chini na kutiwa pingu.

Nataka kujua yaliyowapata nyinyi na mliwaambia nini watoto wenu. Tafadhali tusitaje majina ya watoto wala ya askari.

MamaNeema

Pole sana dada. Mimi niko mji mdogo hapa Ohio. Wangu alikuwa na miaka 13. Kuna duka lilikuwa limeibiwa, na maelezo waliyokuwa nayo polisi ni kijana mweusi aliyevaa sweta lenye kofia. Mwanangu akakutwa kituo cha basi na sweta lake.

Sasa mimi mtoto nimemlea kama nilivyolelewa Tanga. Mtu mzima akikusemesha humkodolei macho. Unainamisha kichwa, mikono unaiweka nyuma, unajibu kwa sauti ya chini. Ndivyo alivyofanya, maskini, kama alivyofunzwa. Baadaye nikaomba nakala ya ripoti. Imeandikwa kwamba kijana alikwepa macho ya askari, alificha mikono mgongoni na alijibu kwa kusitasita. Niliisoma nikiwa nimesimama jikoni, ikabidi nikae. Kila nilichomfundisha kuwa heshima kimeandikwa pale kama dalili ya hatia.

Wakamwachia baada ya mwenye duka kuja kusema siye. Lakini alikuwa ameshafungwa pingu mbele ya watu wote waliokuwa wakisubiri basi, na wawili walikuwa wanafunzi wenzake.

Ilibidi nimfundishe upya. Tulifanya mazoezi sebuleni, mimi ndiye askari. Mikono ionekane muda wote. Usitie mkono mfukoni, hata kutoa kitambulisho, kabla ya kusema unachotaka kufanya. Usikimbie. Uliza kwa utulivu kama uko huru kuondoka. Nilichukia kumfundisha hayo mtoto ambaye hajafanya kosa, na mdogo wake akitimiza miaka 10 nitamfundisha vilevile.

Mzee wa Fizi

Kukimbia, mama, hapo ndipo sisi tuliumia. Familia yangu tulikaa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, miaka mingi kabla ya kuletwa Texas. Watoto wetu wamezaliwa kambini, wazazi wao walitoroka vita Kongo. Kwetu, ukiona wenye sare na bunduki wanashuka garini, unakimbia kwanza, maswali baadaye. Mtoto wa ndugu yangu alifanya hivyo hivyo hapa, miaka 15, hana kosa lolote. Walimkimbiza, wakamwangusha, mkono ukavunjika. Kesi ilikuwa ya kukimbia polisi, hapakuwa na kosa lingine.

Wakili alitueleza kwamba Mahakama Kuu ya Marekani iliamua mwaka 2000 kwamba mtu akiwakimbia polisi bila sababu kwenye eneo lenye uhalifu mwingi, hiyo inaweza kuwapa sababu ya kumsimamisha. Tulipofika tulifundishwa kutumia jiko la umeme na kupanda basi. Hili la polisi hakuna aliyetuambia. Mnaopokea familia mpya, waambieni wiki ya kwanza.

Mkaazi wa zamani

Samahanini, mimi nitasema tofauti kidogo. Niko Marekani tangu miaka ya 90, nimelea wavulana, na polisi hawajawahi kutusumbua. Askari wengi ni watu wazuri. Tatizo watoto wetu wanaiga mavazi na tabia za Weusi wa hapa. Tukiwalea Kiafrika, hawatasumbuliwa.

MamaNeema

Kaka, nakuheshimu, na nashukuru wanao wako salama. Lakini wangu alikuwa amelelewa Kiafrika kabisa, na malezi hayo ndiyo yaliyoandikwa kwenye ripoti. Askari aliye ndani ya gari haoni kama wazazi wako walitoka Tanga au Alabama. Anaona rangi na urefu.

Na hao unaowaita Weusi wa hapa ndio walionisaidia. Jirani yangu, bibi mmoja mwenye asili ya Mississippi, ndiye aliyenionyesha jinsi ya kuomba ile ripoti, na ndiye aliyekaa na mwanangu usiku ule. Wao mazungumzo haya wanafanya na watoto wao tangu enzi za babu zao. Tungewasikiliza mapema, tungejua mengi.

Mwaka 2014 watafiti wakiongozwa na Phillip Goff waliwaonyesha watu, wakiwemo polisi, picha za wavulana na maelezo ya makosa waliyoshukiwa. Wavulana weusi walikadiriwa kuwa wakubwa kuliko umri wao kwa zaidi ya miaka 4. Kwa hiyo mtoto wako wa miaka 13 wanamwona mtu wa 17 au 18.

Bint Pwani

Mimi nimekulia Uingereza. Nilipekuliwa mara ya kwanza nikiwa kidato cha kati, natoka madrasa, mtandio kichwani na msahafu ndani ya mkoba. Walisema wanatafuta kisu. Hawakupata kitu. Nilichokosa kujua siku ile ni kwamba askari lazima aseme jina au namba yake, kituo chake, sababu, anatafuta nini na anatumia sheria gani. Pia hulazimiki kutoa jina wala anwani ili upekuliwe, na una haki ya kupata karatasi ya upekuzi ule. Unaweza kuiomba ndani ya miezi 3.

Ila kuna kifungu cha 60 cha sheria ya 1994: kikitangazwa eneo fulani, wanaweza kukupekua bila kukushuku wewe binafsi.

Wenye mabinti msidhani hili ni la wavulana tu. Desemba 2020 huko Hackney, msichana mweusi wa miaka 15 alivuliwa nguo na kupekuliwa na askari wa kike ndani ya shule yake, akiwa kwenye hedhi, kwa sababu walimu walihisi ananuka bangi. Mama yake hakuarifiwa. Hakukutwa na kitu. Ripoti iliyotoka Machi 2022 ilisema wazi kwamba ubaguzi wa rangi huenda ulichangia. Binti yangu nimemwambia: kama ni kuvuliwa, sema huvui mpaka mama aje.

Mkalimani

Nafanya ukalimani wa Kiswahili mahakamani na vituoni hapa Marekani, kwa hiyo mambo ya kesi siwezi kuyaeleza. Ila kuna kitu nakiona tena na tena na kinaniuma.

Mzazi anaitwa kituoni usiku. Anaingia amevaa vizuri, anawaamkia askari wote, anaomba radhi kabla hajajua kosa. Mtoto yuko upande wa pili wa meza, anatetemeka. Mzazi anamgeukia na kumwambia, "Mwanangu, waambie ukweli wote, hawa ni wakubwa, watakusamehe." Na mimi kazi yangu ni kutafsiri hilo, siruhusiwi kuongeza neno. Mtoto anaanza kuongea. Anaongea mpaka anajichanganya, na yote yanarekodiwa.

Wazazi, ile haki ya kunyamaza na kupata wakili ya tangu 1966 ni ya mtoto pia. Lakini kukaa kimya tu hakutoshi, inabidi atamke: sitaki kuongea, nataka wakili, nataka mzazi wangu. Kisha anyamaze kweli. Majimbo mengi hayalazimishi mzazi awepo. California tangu 2021 mtoto chini ya miaka 18 lazima azungumze na wakili kabla ya kuhojiwa akiwa kizuizini, lakini kwingi si hivyo. Na polisi wanaruhusiwa kumdanganya mtuhumiwa, kumwambia mwenzako ameshakutaja wakati si kweli. Illinois ndilo jimbo la kwanza kupiga marufuku kuwadanganya watoto namna hiyo, mwaka 2021.

Someni habari za wale vijana watano wa Central Park, New York, 1989, weusi na Walatino, miaka 14 hadi 16, walioshtakiwa kumbaka mwanamke aliyekuwa akikimbia mazoezi bustanini humo. Wanne walirekodiwa wakikiri, na baadhi yao mzazi alikuwa amekaa pembeni. Walifungwa. Mwaka 2002 ikathibitika kwa vinasaba kwamba mhalifu alikuwa mtu mwingine kabisa. Jiji la New York likawalipa dola milioni 41 mwaka 2014, wakiwa watu wazima.

Kwa wakimbizi na wenye kadi ya kijani: msikubali kosa ili yaishe haraka. Kijana akishtakiwa kama mtu mzima, hukumu inaweza kugusa ukaazi wake. Tangu 2010 wakili wa utetezi analazimika kumweleza mteja hatari ya kufukuzwa nchini, basi mwulizeni, hata kama hajagusia.

Mleta mada

Mkalimani, ubarikiwe. Mimi mwenyewe ningesema hayo hayo, "waambie ukweli wote". Sasa swali: askari aliyemsimamisha kijana wangu alikuwa na kamera kifuani. Naweza kuomba ile video hata kama hakukamatwa?

Mkalimani

Omba, dada. Utaratibu ni wa kila jimbo, kwingine watakupa, kwingine watakataa, lakini peleka ombi kwa maandishi wiki hii. Taja tarehe, saa, barabara na namba ya gari kama mtoto anaikumbuka. Video isiyo na kesi huwa hawaiweki muda mrefu. Na kijana aandike leo kila anachokumbuka, kwa mkono wake, kabla hamjakaa kuizungumzia pamoja.

Mleta mada

Ameanza kuandika. Namba ya gari anaikumbuka yote.