Makandarasi wadogo wa Tanga, mkialikwa kutoa bei mbona kimya?

Mleta mada (Chumbageni):
Wadau, habari za leo. Mimi nakadiria bei kwenye kampuni ndogo ya ujenzi hapa mjini, na kuna jambo limenikaa kooni.

Kila baraza ukikaa wimbo ni mmoja: kazi za Tanga zinaliwa na watu wa Dar. Bandari imepanuliwa, bomba la mafuta linatoka Hoima kilomita 1,443 linaishia hapo Chongoleani, barabara ya Pangani hiyo, na sisi tupo tu tunahesabu malori. Inauma, sikatai.

Sasa mwezi uliopita nilikuwa na zabuni ya bweni la ghorofa mbili. Nikatuma mwaliko kwa watu kumi na mmoja, wote wa hapahapa: bomba, umeme, vigae, aluminiamu, paa. Wakajibu wawili. Mmoja wao kaandika "milioni 14 kazi yote bosi". Basi, kaishia hapo. Milioni 14 na mabomba au bila mabomba? Kupima presha kumo? Tangi ananunua nani? Nampigia, simu inaita mpaka inakata.

Tisa waliobaki wameniachia tiki mbili za bluu. Zabuni inafungwa Jumatatu saa nne asubuhi, na tangu serikali ihamie NeST, mfumo wa zabuni wa mtandaoni, mwaka 2023 hakuna cha "nivumilie kidogo kaka", saa ikifika mfumo umefunga. Bei ya bomba nikaichukua kwa jamaa wa Dar, ya umeme nikakisia. Na mtu akikisia lazima ajazie juu, asije akalia. Tukaikosa kazi.

Swali langu: fundi asiyejibu mwaliko ana haki gani ya kulalamika kwamba kazi zinakwenda kwa wageni? Nawasilisha.

Fundi Bomba (Makorora):
Mleta mada, hasira yako naielewa. Sikia na yangu.

Mwaka juzi mkandarasi mmoja, simtaji, alinitumia mwaliko kama huo wako. Nilikaa nao siku mbili. Nikachapisha ramani kwa hela yangu, nikahesabu elbo na soketi moja moja, nikazunguka maduka ya Ngamiani kuulizia mabomba ya PPR, usiku nikaandika mchanganuo kwa mkono, kila kitu na bei yake. Mke wangu akaniambia leo umekuwa injinia. Nikapeleka. Kimya.

Miezi miwili baadaye napita pale saiti, namkuta kijana niliyemfundisha kazi mwenyewe anachimba mtaro wa majitaka. Namuuliza, umeipataje? Anasema walimwonyesha karatasi ya bei, wakamwambia ukishuka chini ya hii, kazi yako. Akaitoa mfukoni. Mwandiko wangu. Pale juu penye jina wamepakunja tu, hata kulikata jina hawakujisumbua.

Halafu unaniuliza kwa nini sijibu.

Mdau wa Raskazone:
Tusidanganyane, ni uvivu. Fundi wa Tanga ukimpa kazi Jumatano, Alhamisi anakwambia kuna maulidi.

Fundi Bomba (Makorora):
Mzee wangu, maulidi umeyaingizaje kwenye BOQ, orodha ya kazi na vipimo vyake?

Mkadiriaji:
Nimecheka, ila turudi kwenye hoja, kwa sababu alichofanyiwa Fundi Bomba si ajali. Mimi ni mkadiriaji majenzi, nimeona mezani kwangu mara nyingi. Mkandarasi mkuu anakusanya bei za mafundi, anazijumlisha, anaweka faida yake, anashinda. Siku anayosaini mkataba, bei yake kwa mwenye mradi imeshafungwa. Kuanzia hapo kila shilingi atakayomkamua fundi ni yake. Mwenye mradi hapunguziwi hata senti. Ndiyo maana bei yako inakuwa na thamani kubwa kuliko wewe mwenyewe: karatasi imeshafanya kazi, mwenye karatasi hahitajiki tena.

Wenzetu waliliona hili. California, kwenye kazi za umma, mkandarasi mkuu anataja ndani ya zabuni majina ya wakandarasi wadogo watakaofanya sehemu inayozidi nusu ya asilimia moja ya bei yake, na hawezi kuwabadilisha kienyeji baada ya kushinda. Uingereza nayo, kwa sheria ya mwaka 1996, ilikifuta kile kipengele cha "nitakulipa nikilipwa", isipokuwa pale mwenye mradi mwenyewe amefilisika. Huku kwetu "subiri mteja atulipe" ndiyo salamu ya asubuhi.

Kwa hiyo naunga mkono mafundi. Wakandarasi wakuu wakilazimishwa kuwataja kwenye zabuni, mafundi watajibu.

Fundi Umeme (Duga):
California mbali, mkuu. Na mimi hata nikitajwa jina sijui kama ningejibu, maana tatizo langu linaanzia baada ya kupata kazi.

Chukua mkataba wangu mmoja wa milioni 18. Wanazuia asilimia 10 kwenye kila malipo, jumla milioni moja na laki nane. Nusu yake, laki tisa, unalipwa ukikabidhi. Laki tisa nyingine zinasubiri miezi 12 ya matazamio, ya kuangalia kama kazi ina kasoro. Sasa piga hesabu: faida yangu yote kwenye ile kazi ilikuwa kama hiyohiyo milioni moja na laki nane. Vijana nimeshawalipa, duka la nyaya nimeshalilipa, mwenye jasho faida yake iko kwenye akaunti ya mtu mwingine. Na matazamio yakiisha, kampuni imehamia mradi wa Korogwe, mhasibu mpya, "faili lako silioni".

Juu ya hapo mwaliko unanitaka bei isimame siku 120. Waya ni shaba. Mimi na shaba hatujaandikiana mkataba wowote. Dukani kwenyewe wananipa bei ya wiki moja, tena kwa kunihurumia.

Mleta mada anasema akikisia anajazia juu. Na mimi je, nikitakiwa kukisia miezi minne ijayo?

Aluminiamu (Pongwe):
Shikamooni wakubwa zangu. Mimi najibu, na nimepata kazi, ila sijibu kila mtu.

Nina swali moja ambalo namtumia kila anayenialika kabla sijafungua faili lake: umeshashinda au unaomba? Akiniambia ameshashinda, namkatia bei kamili, dirisha kwa dirisha, kwa sababu kazi ipo. Akiniambia anaomba, nampa bei kwa mita ya mraba na mistari mitatu tu: kioo cha unene gani, fremu gani, na kwamba usafiri na kufunga vimo. Nusu saa imekwisha. Asipojibu kabisa lile swali, na mimi sijibu. Wapo wengi wasiojibu, mtashangaa.

Nikishindwa kufanya naandika "safari hii sitaweza". Maneno matatu. Kazi yangu ya kwanza kubwa nilipewa na mtu niliyemkatalia mara mbili hivyo. Alisema angalau najulikana nipo.

Halafu kaka Mleta mada, kuna jambo hukulisema. Ule mwaliko ulifika kwangu pia, nadhani ni huo, bweni ghorofa mbili. Ulikuja Ijumaa saa kumi na moja jioni. Faili zima la zabuni, pamoja na masharti ya bima na fomu za kupinga rushwa. Madirisha nilikuja kuyakuta mwishoni kabisa, bando limekata.

Mleta mada (Chumbageni):
Dada wa Pongwe, umenikamata. Ndiyo huohuo.

Kujitetea kidogo: zabuni yenyewe tuliipata tumechelewa, bosi aliamua Ijumaa mchana kwamba tunaingia. Lakini kweli ningeweza kukata kurasa za kila fundi. Nilituma zima kwa sababu ilikuwa rahisi kwangu.

Bado sikubaliani na Mkadiriaji. Kutajana kwenye zabuni kutawafaa wenye usajili wa CRB, bodi ya usajili wa makandarasi, na kati ya wale kumi na mmoja wangu wenye usajili ni wachache. Waliobaki ni mafundi wazuri wasio na karatasi, na kwenye kazi ya umma siwezi kuwaandika popote. Sheria kama hiyo ikija leo, wa kwanza kufaidika ni yuleyule jamaa wa Dar mwenye kila cheti.

Na la kuzuia fedha silipangi mimi. Nami nazuiliwa na mwenye mradi.

Fundi Umeme (Duga):
Unazuiliwa, sawa. Siku ukiachiwa, unatuachia?

Mleta mada (Chumbageni):
Hilo ngoja nimuulize bosi. Sijui jibu lake, na silitetei.

Ila naanza na ninaloweza. Kuna zahanati inafungwa wiki ijayo. Fundi Bomba, nimekutumia sasa hivi kurasa nne tu, za kwako, na ramani ya vyoo. Naomba bei kabla ya Ijumaa mchana. Tukishinda au tukishindwa, nakwambia siku hiyohiyo.

Fundi Bomba (Makorora):
Mmeshashinda au mnaomba?

Mleta mada (Chumbageni):
Tunaomba.

Fundi Bomba (Makorora):
Alhamisi utaipata. Jumla peke yake, na nitaandika kilichomo na kisichomo ili usije ukasema milioni 14. Mchanganuo unabaki kwangu, Makorora. Mkishinda mnajua nyumbani.