Maua yanayojiotea kwenye nyufa na miamba wakati wa kiangazi

Mkazi wa Gangilonga, Iringa
Habari zenu, ndugu zangu. Mvua za huku hukoma kati ya Aprili na Mei na hazirudi hadi Novemba au Desemba, lakini kwenye ufa wa saruji kando ya baraza yangu umejiotea mmea wa kutambaa, wenye majani manene na vijiua vya njano vinavyochanua jua la asubuhi linapokuwa kali na kufumba mapema mchana. Hakuna aliyeupanda wala kuumwagilia. Unaishije, na je, niung'oe?

Bwana shamba, Mbarali
Ndugu, kwa maelezo yako huo ni Portulaca oleracea. Majani na shina lake huhifadhi maji, na ukame unapozidi, vitundu vidogo vya majani hufunguka usiku badala ya mchana, hivyo mmea huvuta hewa ya ukaa kukiwa na ubaridi, huiweka kama asidi, kisha huitumia jua linapowaka, bila kupoteza maji mengi. Ukiung'oa na kuutupa juu ya udongo, kipande cha shina kinaweza kutoa mizizi upya. Mimi ningeuacha.

Mpenda mimea, Makambako
Naongeza mimea ya jenasi ya Xerophyta, ambayo huota juu ya mawe matupu. Kiangazi majani yake hukauka kabisa, ukiyashika yanakwaruza mkono, na mtu huapa kwamba yamekufa. Mvua ikinyesha, hurudia ukijani ndani ya siku chache, kisha huchanua. Kwa hiyo nawasihi wanaochoma moto vilima kwa kudhani ni majani makavu tu: mmea huo uko hai.

Mkulima, Kyela
Naafiki, isipokuwa kwa gugu liitwalo kiduha. Ua lake jekundu linavutia, nalo hustawi hasa kwenye udongo uliochoka, lakini mizizi yake hujishikiza kwenye mizizi ya mahindi au ya mpunga wa nchi kavu na kuifyonza, hata zao likadumaa kabla hujaona chochote juu ya ardhi. Mbegu zake ni kama vumbi, mmea mmoja hutoa maelfu kwa maelfu, na hukaa udongoni miaka mingi zikisubiri. Huyu ang'olewe kabla mbegu hazijakomaa, na shamba lipandwe marejea, mmea wa jamii ya kunde, kwa mzunguko ili kurudisha rutuba. Huo wa barazani kwako, ndugu, hauna ugomvi na mtu.